Dondoo muhimu: Kuandaa somo la familia mtaani

Wakazi wengi wa wadi ya Gitothua, Ruiru nchini Kenya, hutoka alfajiri na kurudi jioni, hivyo mpango wa elimu ya jamii ufuate ratiba yao.

1. Chagua jambo moja linalowasumbua, mfano kuhara kwa watoto, usirundike mada.
2. Waulize kwanza mama mboga, wahudumu wa boda na wapangaji wa ploti wanataka kujua nini.
3. Mjulishe chifu mapema, na washirikishe wahudumu wa afya ya jamii.
4. Panga kikao Jumapili alasiri; siku za kazi utawakosa kina baba.
5. Tumia Kiswahili chepesi. Si kila mpangaji anaelewa Kikuyu.
6. Usitegemee karatasi: utafiti wa kitaifa wa 2007 ulikuta karibu watu wazima 4 kati ya 10 nchini hawana kisomo cha kutosha.
7. Tandika mkeka wa watoto pembeni, wazazi wasikilize kwa utulivu.
8. Onyesha, kisha mwachie mzazi achanganye mwenyewe ORS, unga wa kurudisha maji mwilini mtoto anapohara, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye paketi.
9. Usipime mafanikio kwa orodha ya mahudhurio. Uliza maswali yale yale matatu kabla na baada ya somo.
10. Rudi baada ya mwezi, uombe wazazi wakuonyeshe tena wanavyochanganya.
11. Wasomee wakazi matokeo barazani, hata yakiwa mabaya, kisha mrekebishe mpango pamoja.