Uteuzi wa Makao ya Msimbo katika Miradi ya Programu Huria

1.0 Utangulizi

Mradi wa programu huria huwaunganisha watu wasiokuwa na mwajiri mmoja wala ofisi moja. Kinachowaweka pamoja ni mahali msimbo unapohifadhiwa na utaratibu wa kupokea mabadiliko. Makala haya yanajadili uteuzi wa mambo hayo mawili kwa kuangalia kiini cha Linux na lugha ya Python. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la msingi si huduma ipi ina nyenzo nyingi zaidi, bali ni nini mradi utaweza kuchukua siku utakapolazimika kuhama.

2.0 Kiini cha Linux

Tangu mwaka 2002 msimbo wa kiini cha Linux ulitunzwa kwa BitKeeper, programu ya kibiashara ambayo wachangiaji waliruhusiwa kuitumia bila malipo, kwa masharti. Mwaka 2005 ruhusa hiyo iliondolewa. Mwezi Aprili Linus Torvalds alianza kuunda Git, na toleo la 2.6.12, lililotoka Juni, lilitayarishwa kwa Git. Katika Git kila mwenye nakala kamili anayo historia yote. Seva moja ikizimwa, historia haipotei.

Utaratibu wa kazi nao unafuata msingi huohuo. Viraka hutumwa kwa baruapepe, hujadiliwa hadharani, kisha hupitia kwa watunzaji wa sehemu mbalimbali hadi kumfikia Torvalds. Hivyo hata mjadala hubaki mikononi mwa wengi. Udhaifu wake ni kwamba mchangiaji mgeni huuona mgumu.

3.0 Python

Mradi wa Python ulizingatia zaidi udhaifu huo. Baada ya kupima GitHub na GitLab, uamuzi wa kuhamia GitHub ulitangazwa Januari 2016, na msimbo ukahamishwa kutoka Mercurial Februari 2017. Hata hivyo, kumbukumbu za hitilafu zilihamishwa mwaka 2022. Pengo hilo la miaka mitano linafundisha: msimbo una umbo linalohamishika, ilhali ripoti na majadiliano hufungamana na mfumo yalimoandikwa.

Hatari hii si ya kinadharia. Google ilitangaza mwaka 2015 kwamba ingeifunga huduma yake ya Google Code, nayo ikafungwa mwaka 2016. GitHub yenyewe ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018.

4.0 Hitimisho

Haifuati kwamba kila mradi ujiendeshee seva. Mradi mdogo unaweza kuelemewa na kazi hiyo kabla ya kuandika msimbo wenyewe. Inalofuata ni kwamba sababu za kila badiliko ziandikwe katika maelezo yanayoambatana nalo ndani ya Git, nakala za ripoti zichukuliwe mara kwa mara, na anwani ya mradi iwe mali ya mradi. Aliyepanga nyumba hapaswi kumwachia mwenye nyumba kumbukumbu za ukoo.