Dondoo muhimu: Mpaka usionekane kwenye darizi

Ukidarizi foronya au kitambaa cha kochi kwa mishono ya msalaba, kipande kwa kipande, mpaka kati ya kazi ya jana na ya leo huweza kutokeza kama ufa. Mara nyingi chanzo ni mwelekeo. Mguu wa juu wa kila msalaba ulalie upande uleule, kitambaa kizima. Ukikigeuza katikati ya kazi, mwanga wa dirishani utakuumbua.

Usimalizie kipande kwenye mstari ulionyooka. Acha safu moja ndefu, nyingine fupi, ili kipande kinachofuata kiingie humo. Wala usikate nyuzi zote mpakani: ncha zikirundikana nyuma ya mstari mmoja, mbele panavimba, na pasi haisaidii kitu.

Penye joto kali, jasho la vidole huchafua uzi mweupe, hasa pembezoni mwa fremu. Nawa mikono, na vua fremu kila unapoweka kazi chini, isiache alama ya duara. Uzi wa ua moja nunua wote kwa pamoja, namba ya rangi ikifanana; ukirudi dukani baada ya mwezi, wekundu huenda usiwe uleule.