Mkopo wa Simu: Tupige Hesabu Kwanza

Ndugu wanakisomo, siku hizi benki imeingia mfukoni. Kenya walianza M-Shwari mwaka 2012, na hapa Tanzania M-Pawa ikafuata mwaka 2014. Unabonyeza, fedha zinaingia. Ni rahisi mno, na hapo ndipo penye taabu.

Hebu tuchukue daftari. Tuseme umekopa shilingi 20,000, ada ni asilimia 10 kwa siku 30. Utalipa 22,000. Si kitu, eti? Lakini ukilipa na kukopa tena kila mwezi, kwa miezi 12 ada peke yake ni 24,000. Imezidi mkopo wenyewe! Muuza genge anayezungusha fedha kila siku ataweza. Mkulima wa mahindi akikopa wakati wa palizi, siku 30 zitamkuta mahindi bado mabichi. Huyo heri aende chama cha kuweka na kukopa, waelewane kulipa baada ya mavuno.

Halafu namba ya siri. Tumewaona wazee wakimpa wakala simu na namba: "Mwanangu, nisaidie." Jamani! Tarakimu nne mnazijua, bonyezeni wenyewe. Na mtu akikupigia akitaka namba hiyo, hata akisema ni wa kampuni, kata simu.