Dondoo muhimu: Umeme utakatika kwa wakati?

Fundi akikuonyesha disjonkta mpya ya ampea 16, usiridhike upesi. Piga hesabu: kwa volti 220, fimbo ya ardhi yenye ukinzani wa omu 30 haipitishi zaidi ya ampea 7 hivi waya wa moto unapogusa bati la friji. Disjonkta haishtuki, na bati linabaki na umeme likimsubiri mtu.

Hapo kinachookoa ni disjonkta ya kuvuja, ya miliampea 30. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka soketi ikatiwe umeme ndani ya sekunde 0.2 ikiwa nyumba inategemea fimbo yake yenyewe, au 0.4 ikiwa waya wa ardhi unatoka kwa msambazaji.

Pima ukinzani wa ardhi kwenye soketi iliyo mbali zaidi na ubao wa umeme. Tena pima Agosti au Septemba, udongo wa Kolwezi ukiwa mkavu. Kipimo cha Januari, mvua ikinyesha, kitakudanganya.

Kitufe cha T cha disjonkta ya kuvuja kibonyeze, ila kinajaribu disjonkta hiyo peke yake: hata fimbo ikiwa imeng'olewa, disjonkta itaruka vilevile. Na shaba huibwa, hata huku inakochimbwa! Fukua kichwa cha fimbo uone kama klipu ingali imekaza.

Shirika la umeme, SNEL, likikata umeme ukawasha jenereta, pima upya. Jenereta ambayo nyutro yake haijaunganishwa na ardhi haiupi mkondo wa hitilafu njia ya kurudi, na disjonkta ya kuvuja inaweza isikate kabisa.