Kwa nini aspirini huachwa wiki nzima kabla ya upasuaji?

Msomaji wa Morogoro anayetumia aspirini ya moyo anauliza: ameambiwa aiache siku saba kabla ya upasuaji wa goti, ilhali mwenzake wa ibuprofeni ameambiwa aache siku moja au mbili tu. Je, zote si dawa za maumivu?

Ni za maumivu, na zote hulenga kimeng'enya kimoja, COX. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia kazi yake, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Tofauti iko kwenye vifungo vya kikemia vinavyoishika dawa humo.

Ndani ya kimeng'enya hiki mna njia nyembamba inayopitisha malighafi yake, asidi ya arakidoni, aina ya mafuta yatokayo kwenye utando wa seli. Kichwa cha asidi hiyo kina chaji hasi, nacho huvutwa na arginini, asidi amino ya kimeng'enya yenye chaji chanya iliyo mlangoni. Mkia wake hujibana kwenye kuta zisizopatana na maji. Kila kifungo hapo ni dhaifu, na ni vizuri kiwe hivyo: malighafi inashikwa ikabadilishwa, kisha zao lake linaachiwa. Katika chembe sahani za damu, zao hilo huishia kuwa thromboksani, inayozifanya zishikamane na kuzuia damu kutoka.

Ibuprofeni huingia njia ile ile na kushikiliwa na vifungo dhaifu vile vile. Ikipungua kwenye damu, inatoka, na kimeng'enya kinarudi kazini.

Aspirini haitoki hivyo. Humegeka humo ndani, na kipande chake, asetili, hujifunga kwenye serini, asidi amino namba 530 ya kimeng'enya, kwa kifungo cha kovalenti, ambapo atomi mbili hugawana elektroni. Njia imezibwa. Aspirini iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi, lakini kipande hicho hakibanduki. Seli nyingine zingetengeneza kimeng'enya kipya; chembe sahani hazina kiini, haziwezi. Hubaki hivyo mpaka zife, siku 7 hadi 10, huku uboho ukileta mpya kidogo kidogo. Ndiyo ile wiki.

Wengi hawaambiwi hili: ibuprofeni ikitangulia kumezwa, hukalia njia, na aspirini huisha kabla haijaifikia serini. Anayetumia aspirini ya kawaida kwa ajili ya moyo aimeze kwanza, asubiri angalau nusu saa ndipo ameze ibuprofeni, tena baada ya kumuuliza daktari. Na mwenye stenti (kijibomba kinachouweka wazi mshipa wa moyo) asiache aspirini kwa uamuzi wake mwenyewe, hata kama tarehe ya upasuaji imekaribia. Daktari wa moyo na wa upasuaji waamue pamoja.