Muthia ya Uwele: Mlo wa Mvuke wa Majira ya Baridi na Suala la Madini ya Chuma

Katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo majira ya baridi, na ndiyo majira ya kula uwele. Nafaka hiyo, ambayo nchini Tanzania hulimwa Dodoma na Singida, huvunwa Gujarat mvua za Juni hadi Septemba zinapokwisha. Mlo wake unaojulikana zaidi ni rotla, mkate mzito unaoliwa kwa samli na sukari guru. Muthia ni mlo mwepesi zaidi: madonge ya unga na mboga yanayopikwa kwa mvuke. Jina lake latokana na neno lenye maana ya ngumi, kwa kuwa donge hufinyangwa kwa kufumba kiganja.

Chuma kilichofungwa

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia uliofanyika India mwaka 2019 hadi 2021 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Uwele una madini ya chuma kwa wingi kuliko mchele, pamoja na takriban gramu 11 za protini na gramu 5 za mafuta katika kila gramu 100. Hata hivyo, kuwamo kwa chuma katika nafaka si sawa na kufika kwake katika damu. Uwele una fitati, kiambata kinachoshikamana na chuma na kuzuia kisifyonzwe na utumbo. Kwa hiyo, namna ya kupika ina uzito sawa na uteuzi wa nafaka yenyewe.

Hatua tatu husaidia. Kwanza, unga ukichachuka, fitati hupungua. Pili, vitamini C hurahisisha ufyonzwaji wa chuma cha mimea. Na kwa kuwa vitamini hiyo huharibiwa na moto, ndimu hukamuliwa baada ya kupika. Tatu, chai huzuia chuma, hivyo hunywewa saa moja au zaidi baada ya mlo.

Mahitaji kwa watu wanne

- Unga wa uwele, gramu 200
- Unga wa dengu, gramu 50
- Mtindi, gramu 100
- Majani mabichi ya uwatu yaliyokatwakatwa, vikombe 2
- Tangawizi na pilipili mbichi zilizopondwa, kijiko kimoja cha chakula
- Manjano, nusu kijiko cha chai
- Chumvi yenye madini joto, nusu kijiko cha chai
- Ufuta, vijiko 2 vya chai; haradali nzima, kijiko kimoja cha chai
- Mafuta, kijiko kimoja cha chakula
- Ndimu moja

Maandalizi

Unga wa uwele huchanganywa na mtindi na maji kidogo ya vuguvugu, hufunikwa, kisha huachwa usiku kucha. Kwa kuwa baridi huchelewesha uchachu, bakuli huwekwa karibu na jiko. Asubuhi huongezwa unga wa dengu, uwatu, tangawizi, pilipili, manjano na chumvi. Uwele hauna gluteni, hivyo hauvutiki kama ngano. Unga wa dengu ndio unaosaidia kushikanisha donge. Maji yakizidi, donge husambaratika.

Madonge marefu hupangwa juu ya sahani yenye matundu iliyopakwa mafuta, juu ya maji yanayochemka yasiyoigusa, na kufunikwa kwa dakika 20 hadi 25. Kisu kikichomekwa na kutoka kikavu, yameiva. Yakipoa kwa dakika 10 hukatwa vipande. Mafuta hupashwa moto, haradali hutiwa hadi ipasuke, ufuta hufuata, kisha vipande hugeuzwa humo kwa dakika mbili. Ndimu hukamuliwa wakati wa kula.

Tahadhari

Unga wa uwele huchacha na kuwa mchungu upesi kwa sababu ya mafuta yake. Husagwa kidogo kidogo na kutumiwa ndani ya siku chache. Aidha, uwele una viambata vinavyoweza kuathiri tezi ya shingo pale madini joto yanapokuwa haba. Ndiyo sababu ya kuchagua chumvi iliyoongezwa madini hayo. Mwenye kisukari hanufaiki kwa kula bila kipimo, kwani uwele, ingawa una nyuzinyuzi nyingi, bado ni wanga. Wepesi wa muthia nao hutoweka vipande vinapozamishwa katika mafuta.

Hitimisho

Muthia iliyochachushwa na kukamuliwa ndimu humpa mlaji sehemu kubwa zaidi ya chuma kilichomo katika uwele. Hata hivyo, mlo si badala ya tiba. Mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma aendelee kuvimeza kama alivyoelekezwa, na mwenye uchovu usioisha, kizunguzungu au weupe wa viganja na kope apimwe damu.