Mzigo Wako Juu ya Lori: Mabadiliko na Changamoto za Usafirishaji wa Barabara Mkoani Kigoma

Mfanyabiashara wa Kasingirima anayepeleka dagaa wakavu na mawese Dar es Salaam, au anayepokea vitambaa na vifaa vya ujenzi kutoka huko, ana njia mbili za nchi kavu: reli na barabara. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikiwa na urefu wa kilometa zipatazo 1,250 kutoka pwani, na kwa miongo mingi ndiyo iliyotegemewa kwa karibu kila bidhaa. Kabla yake mizigo ya Ujiji ilibebwa begani. Mpagazi mmoja alichukua takriban frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo, akatembea miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Lori moja la semi-trela lenye shehena ya tani 30 hubeba kazi ya wapagazi wapatao elfu moja. Ndiyo maana lori hilo linapopotea njiani, au linapopinduka, hasara humwangukia mtu ambaye pengine ameweka mtaji wake wote ndani ya magunia yale.

Katika somo hili tunaeleza mambo yanayobadilika katika biashara ya malori, kwa namna yanavyomgusa mteja. Tunaanza na nauli, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi.

Kwa nini nauli ya mzigo hupanda na kushuka

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA, hupanga viwango vya nauli za mabasi. Nauli za mizigo kwa barabara huachiwa makubaliano ya pande mbili. Mteja anayetafuta bango la bei za malori halipati, na asimwamini dalali anayemwambia kuwa bei fulani “imepangwa na Serikali”.

Gharama kubwa kuliko zote za msafirishaji ni mafuta. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na bei ya Kigoma huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yenyewe husafirishwa hadi huku. Bei hizo hutangazwa wazi, basi mteja anaweza kuzilinganisha mwezi kwa mwezi kabla ya kukubali ongezeko linaloelezwa kuwa limetokana na mafuta.

Jambo la pili halionekani kwa urahisi, nalo ni safari ya kurudi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiokuwa bei halisi ya soko. Lori linatumia shilingi milioni 3 kuja Kigoma likiwa na mzigo, na shilingi milioni 2 kurudi likiwa tupu. Mwenye lori asipokuwa na uhakika wa mzigo wa kurudi, humtoza mteja wa kwanza gharama zote mbili, milioni 5, kabla hajahesabu faida. Akipata mfanyabiashara wa Ujiji mwenye mzigo wa kupeleka Dar es Salaam, hata nauli ya milioni 2.5 inamfaa, kwa kuwa safari ile angeifanya kwa vyovyote. Hapo ndipo penye nafasi ya mteja wa Kigoma kupatana. Wafanyabiashara wanne au watano wa mtaa mmoja wakikusanya mizigo yao na kujaza gari zima, hupata bei ambayo mwenye magunia kumi peke yake haipati.

Nafasi hiyo hubadilika na majira. Wakati wa mavuno ya maharage huko Kasulu na Buhigwe mizigo huwa mingi kuliko magari, na mwenye lori ndiye anayechagua. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Usitishaji wa namna hiyo humgusa hata asiyevua: dagaa hupungua katika mialo, na mwenye gari aliyezoea kujaza dagaa huanza kutafuta mawese au chumvi ya Uvinza. Anayepanga kupeleka mzigo mwingine katika miezi kama hiyo ana sababu ya kuomba apunguziwe.

Barabara bora, mizani na lumbesa

Daraja la Kikwete katika mto Malagarasi lilifunguliwa mwaka 2015, na vipande vya vumbi kati ya Kigoma na Tabora, na vile vya Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi, vimekuwa vikipungua. Lami imefupisha safari. Lakini lami huharibiwa na uzito, na hapo ndipo inapoingia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo uzito wa juu wa gari na mzigo wake ni tani 56, kwa gari lenye ekseli saba. Ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8, wala ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne kuzidi tani 10.

Msomaji atauliza: mimi mwenye madumu ya mawese nina shughuli gani na ekseli? Shughuli ipo. Gari likikutwa limezidisha, msafirishaji hutozwa, na mzigo unaweza kushushwa au kupangwa upya kabla ya safari kuendelea. Dagaa wakavu wakishushwa kando ya barabara wakati wa mvua, hakuna turubai litakalowarudisha katika hali yao. Gari linaweza hata kuwa chini ya tani zinazoruhusiwa kwa jumla na bado likakwama, kwa sababu mzigo umelundikwa mbele au nyuma na ekseli moja imeelemewa. Mwenye mzigo mzito ana haki ya kuuliza umepangwaje.

Lumbesa ni tatizo la aina hiyohiyo. Gunia lililoshonewa kilemba huficha uzito wake halisi. Msafirishaji anayehesabu magunia hujidanganya, mkulima hupunjwa, na mizani hufichua yote. Ufungashaji wa lumbesa unakatazwa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340. Pima mzigo wako kabla ya kupakia na uandike kilo, usiandike idadi ya magunia peke yake. Dumu la lita 20 la mawese lina mafuta ya kilo zipatazo 18. Madumu mia tano ni tani tisa. Hesabu hiyo ni nyepesi, na inastaajabisha jinsi isivyofanywa.

Bima: neno linalowaponza wengi

Mteja huambiwa, “Gari lina bima.” Kauli hiyo huwa ya kweli, na huwa haimsaidii. Bima ya lazima kwa kila chombo cha moto, inayojulikana mitaani kama bima ndogo, inatokana na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura 169, na lengo lake ni watu wengine wanaoumia au kufa kutokana na ajali. Bima kubwa huongeza gari lenyewe. Magunia yaliyo juu ya gari hayamo katika bima hiyo wala hii. Mzigo huhitaji bima yake, bima ya mizigo iliyo safarini, ambayo inaweza kukatwa na msafirishaji au na mwenye mzigo. Basi usiulize tu kama gari lina bima. Uliza kama mzigo wako una bima, ya kiasi gani, na kwa jina la nani.

Hata pasipo bima, msafirishaji hakosi wajibu. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, anayekabidhiwa mali ya mwingine anapaswa kuitunza kwa uangalifu ambao mtu wa busara angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Dereva aliyeacha turubai lililopasuka bila kulishona wakati mawingu yametanda hawezi kujificha nyuma ya neno “bahati mbaya”.

Madalali na simu

Zamani mfanyabiashara alikwenda kwenye maegesho, akaliona gari na kuzungumza na dereva. Siku hizi mapatano hufanyika kwa simu, malipo ya awali hutumwa kwa simu, na mwenye mzigo huonana na lori siku ya kupakia, au haonani nalo kabisa. Urahisi huu umewafungulia mlango matapeli wanaokuja na namba za gari lisilo lao, wakapakia, wakazima simu.

Kwa hiyo, kabla gunia la kwanza halijapanda, tazama leseni ya usafirishaji wa mizigo ya gari hilo na uhakikishe namba iliyoandikwa inalingana na bamba. Piga picha ya gari, bamba na leseni ya dereva. Mpigie mmiliki mwenyewe, si dalali, umsikie akithibitisha kuwa amemtuma dereva huyo. Ukiwa na shaka, fika ofisi ya LATRA ya mkoa uhakikishe leseni. Nusu siku ya kuchelewa ni nafuu kuliko kutafuta tani kumi zilizopotea.

Kisha andikeni. Hati ya mzigo isiyozidi ukurasa mmoja inatosha: majina ya pande mbili, namba ya gari, aina ya bidhaa, uzito na idadi, hali yake wakati wa kupakia, mahali na siku ya kufika, nauli na namna itakavyolipwa, na nani anabeba gharama za kupakia, kushusha na kuchelewa. Wote wawili watie saini. Dai risiti ya EFD kwa nauli unayolipa.

Reli mpya

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilometa 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Ikikamilika, tunatarajia mizigo mikubwa ya masafa marefu, pamoja na ile inayovuka ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie, ihamie relini kwa sehemu kubwa. Malori hayatakwisha, ila yatafanya safari fupi zaidi, kati ya stesheni, bandari na vijiji. Mwenye lori anayekopa leo kununua semi-trela ya pili afanye hesabu hiyo, na mteja naye asijifunge kwa mkataba wa miaka mingi na msafirishaji mmoja.

Mzigo ukipungua au kuharibika

Anayepokea mzigo asitie saini kabla ya kuhesabu na kupima. Akikuta upungufu, auandike kwenye hati hiyohiyo mbele ya dereva, kisha ndipo atie saini. Lalamiko lianze kwa msafirishaji, kwa maandishi. Asiporidhika, mteja alifikishe kwa Mamlaka kupitia ofisi ya mkoa, akiambatanisha hati ya mzigo, risiti, picha na barua aliyompa msafirishaji. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Penye dalili ya wizi au utapeli, taarifa itolewe polisi siku hiyohiyo, pamoja na namba ya gari na njia lililotarajiwa kupita.